Neno la siri hubadilishwa, jina la mama halibadilishwi

MITWABA – Ijumaa moja jioni, katika chumba cha kupanga huko Katuba, Lubumbashi, binti mmoja mzaliwa wa Mitwaba alikuwa anashindana na umeme. Ulikuwa umerudi saa kumi, na hakuna aliyejua utakaa mpaka saa ngapi. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imechoka, mega kwenye simu zilikuwa zinahesabika, na wenzake walikuwa wanangoja kazi yake. Akaandika amri tatu, akabonyeza, akaona kazi imefika. Akafunga kompyuta, akaenda kupika bukari.

Ndani ya ile kazi kulikuwa na faili moja ambalo hakulikusudia. Lilikuwa na majina ya familia zaidi ya mia moja za wakimbizi wa ndani: jina la mama au baba wa nyumba, kijiji walikotoka, mahali wanapolala sasa, na namba ya simu kwa wale walio nayo. Alilituma bila kujua. Na mahali alipolituma palikuwa wazi kwa dunia nzima.

Jina la binti huyo halitajwi hapa. Ndivyo alivyoomba, na habari yenyewe ni ya majina yaliyotoka nje bila ruhusa. Kikundi chake pia hakitajwi. Ni vijana watano waliosoma informatika: watatu wako Lubumbashi, mmoja Kolwezi, mmoja Likasi. Walikuwa wanatengeneza programu ya kusaidia familia zilizopotezana wakati wa kukimbia. Mtu akifika mahali, anaandikwa. Ndugu yake akiandikwa mahali pengine, programu inaona kwamba majina na kijiji vinafanana, na wote wawili wanapata ujumbe kwenye simu. Kwa watu wa Mitwaba, kazi kama hiyo haihitaji kuelezwa faida yake.

Ghala ambalo halisahau

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuandika programu, ni vizuri kueleza jinsi vijana hawa wanavyofanya kazi pamoja bila kukaa chumba kimoja. Wanatumia chombo kinachoitwa Git. Kilianzishwa mwezi wa nne mwaka 2005 na Linus Torvalds, mtu wa Finland ambaye ndiye pia aliyeanzisha Linux. Git ni kama daftari kubwa la kikundi. Kila mmoja ana nakala yake nzima, na kuna nakala moja ya pamoja, ghala, ambayo wengi huiweka kwenye mtandao wa GitHub. Mtu akimaliza sehemu yake, anaisajili kwenye daftari lake, kisha anaituma ghalani. Wengine wanaivuta na kuendelea.

Kule kusajili badiliko kunaitwa komiti. Si komite ya kambi wala ya shule. Ni kama mstari mmoja ulioandikwa kwa wino: nani amebadilisha, lini, amebadilisha nini, na kwa sababu gani.

Nguvu ya daftari hili ni kwamba halisahau. Ukiharibu leo, unaweza kurudi kwenye ukurasa wa jana. Hata karani anayepima kasiterite kwenye komptwari anajua kanuni hiyo: mstari ukikosewa, hauchani ukurasa. Unaukata kwa mstari mmoja, unaandika hesabu iliyo sahihi chini yake, unatia sahihi. Anayekuja kukagua anaona kosa na anaona sahihisho. Git nayo ina amri ya namna hiyo. Inaandika komiti mpya inayogeuza ile mbaya, na zote mbili zinabaki zikisomeka.

Kwa makosa mengi, hiyo inatosha kabisa. Kama binti huyu angekuwa ametuma hesabu yenye kosa, au kitufe kisichofanya kazi, angegeuza komiti yake, akawaandikia wenzake mstari mmoja wa kuomba radhi, na mambo yangekwisha. Na kama angegundua kabla ya kutuma ghalani, ingekuwa rahisi zaidi. Komiti iliyo kwenye kompyuta ya mtu mmoja tu hurudishwa nyuma bila kumsumbua yeyote, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiona.

Lakini yeye alikuwa ameshatuma. Na kwa faili la majina, kumbukumbu isiyofutika ndiyo hatari yenyewe. Hata ukifuta faili leo, ukurasa wa jana bado uko pale kwa anayejua kufungua.

Nukta moja

Aligundua Jumamosi asubuhi. Alitaka kuangalia kama mwenzake wa Kolwezi ameshavuta kazi. Akaona komiti yake imeandikwa: mafaili matatu yamebadilika. Yeye alikuwa amegusa faili moja.

Kosa lote lilikuwa nukta. Katika Git, kabla ya kusajili, unachagua mafaili yanayoingia. Unaweza kuandika jina la faili unalolitaka. Au unaweza kuandika nukta, maana yake: chukua vyote vilivyo kwenye folda hii. Akiwa na haraka ya umeme, aliandika nukta. Ndani ya folda kulikuwa na orodha ya kweli aliyoinakili wiki mbili kabla, ili ajaribu kama programu inasoma majina yetu vizuri. Kulikuwa pia na faili dogo lenye ufunguo, yaani neno refu la siri ambalo kikundi kinatumia kutuma ujumbe wa simu kwa kampuni inayowauzia huduma hiyo.

Ghala lilikuwa wazi kwa wote, kwa sababu kikundi kilitaka vijana wa sehemu nyingine waweze kuichukua programu bure na kuitumia kwao. Nia hiyo ilikuwa nzuri, lakini sasa majina yalikuwa uwanjani.

Anasema jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa familia. Lilikuwa yeye mwenyewe. Watasema nini? Watamtoa kwenye kikundi? Yeye ndiye mwanamke peke yake kati ya watano, na ndiye mdogo. Akawaza kufuta faili, kusajili komiti mpya yenye maneno «usafi kidogo», na kunyamaza. Hakuna ambaye angeshtuka. Maneno kama hayo yamejaa kwenye kila ghala.

Akawaza na njia ya pili, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana ya kijanja. Git inaruhusu kulazimisha: unaandika upya historia kwenye kompyuta yako, kisha unaifunika ile ya ghalani kwa nguvu, kana kwamba komiti mbaya haikuwahi kuwepo. Lakini ukilazimisha bila kuwaambia wenzako, unaweza kufuta kazi waliyotuma usiku ule. Na yule ambaye ameshavuta nakala ya zamani, siku akituma kazi yake tena, anaweza kulirudisha faili lilelile ghalani bila kujua.

Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Alikaa na simu mkononi karibu nusu saa. Kisha akampigia mkubwa wa kikundi, anayemwita yaya.

«Yaya, nimefanya kosa. Nimetuma orodha ya watu.»

Kwa maneno yake, yaya hakupiga kelele. Aliuliza maswali matatu tu: orodha ya kweli au ya kujaribia? Saa ngapi? Na ufunguo umo? Alipojibiwa, akasema: «Vizuri umeniambia. Sasa usifute kitu bado. Tuanze na mlango.»

Mlango, kufuli, ukurasa

Walichofanya kwa saa tatu zilizofuata kinafaa kujulikana na kijana yeyote wa Lubumbashi, Likasi au Mitwaba anayejifunza kazi hii, kwa sababu mpangilio wake una maana.

Kwanza, mlango. Walilifunga ghala, likawa la wanakikundi peke yao. Wakaangalia kama kuna mtu wa nje aliyejifungulia tawi lake kutoka kwenye ghala hilo, kwa sababu ghala likifungwa, matawi ya watu wengine yaliyokwisha kuchukuliwa hubaki wazi. Hakukuwa na tawi.

Pili, kufuli. Waliingia kwenye akaunti ya ujumbe wa simu, wakaua ufunguo wa zamani, wakatengeneza mpya. Hili halingoji. Kuna programu zinazopekua GitHub usiku na mchana zikitafuta funguo zilizosahauliwa, na ufunguo unaweza kuokotwa ndani ya dakika chache tu. Ambaye angeupata angeweza kumaliza pesa za kikundi. Angeweza pia kutuma ujumbe kwa jina lao, kwa namba zilezile zilizokuwa kwenye orodha: «Njooni mahali fulani kesho, kuna unga.» Wazo hilo lilimtoa binti huyu jasho kuliko yote.

Tatu, wenzake wote wakaambiwa wasivute wala wasitume chochote mpaka wapewe ruhusa.

Nne, ukurasa. Kwa chombo kinachoitwa git-filter-repo, walipita kwenye historia nzima na kuyang'oa yale mafaili mawili kila mahali yalipoandikwa. Kisha wakalazimisha historia mpya ghalani, safari hii kila mtu akijua. Wote wakafuta nakala zao za zamani na kuchukua mpya. Tano, wakawaandikia GitHub wenyewe, kwa sababu komiti iliyong'olewa inaweza bado kufunguliwa kwa namba yake mpaka wahudumu waisafishe kwao.

Mwisho wakafungua ukurasa unaoonyesha watu walivyolitembelea ghala. GitHub huonyesha hesabu ya siku 14 zilizopita: limetazamwa mara ngapi, limenakiliwa mara ngapi. Haionyeshi ni nani. Tangu Ijumaa jioni ghala lilikuwa limenakiliwa zima mara tatu. Nakala moja ilikuwa ya mwenzao wa Kolwezi, aliyekuwa ameanza upya kwenye kompyuta nyingine. Mbili hazikujulikana.

Huenda zilikuwa zile programu zinazopekua funguo, ambazo hazijali majina ya watu wa Mitwaba. Huenda sivyo. Hapo ndipo kazi ya kompyuta ilipofika mwisho. Ufunguo ulikuwa umebadilishwa, na ule wa zamani sasa ulikuwa chuma kisichofungua kitu. Lakini jina la mama aliyekimbia, kijiji chake na mahali anapolala havibadilishwi kwa kubonyeza. Vikishatoka, vimetoka. Ni kama tangazo lililosomwa redioni kwa makosa: unaweza kusoma masahihisho saa hiyohiyo, lakini huwezi kuingia kwenye masikio ya watu na kulitoa lile la kwanza.

Kwa nini orodha inaogopwa huku

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: majina tu, kuna nini? Mtu wa Mitwaba hawezi kuuliza hivyo.

Mwaka uleule wa 2005 ambao Git ilizaliwa, familia nyingi za wilaya hii zilikuwa porini au njiani. Vita kati ya jeshi na Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga viliwasukuma watu kutoka kijiji hadi kijiji, katika eneo la Manono, Mitwaba na Pweto ambalo liliitwa pembetatu ya kifo. Gédéon alijisalimisha hapa Mitwaba mwezi wa tano 2006. Alihukumiwa mwaka 2009, akatoroka gerezani Lubumbashi mwaka 2011, na miaka iliyofuata vita vilirudi kwa jina la Kata Katanga. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013 wapiganaji hao waliingia mpaka katikati ya Lubumbashi. Kwa mara nyingine maelfu kwa maelfu walibeba vyungu na watoto.

Miaka ile, raia alishukiwa na pande zote mbili. Ukionekana umetoka kijiji fulani, askari wanasema wewe ni wa Mai-Mai. Ukionekana umekaa karibu na askari, Mai-Mai wanasema umewauza. Kwa hiyo karatasi yenye jina lako, kijiji chako na mahali ulipo ilikuwa na sura mbili. Mikononi mwa shirika, ilikuwa unga, mafuta na bashi la kufunika nyumba. Mikononi mwa mtu mwingine, ilikuwa ramani ya kukufikia. Wapo wazazi ambao mpaka leo wakiandikwa wanatoa jina la ubatizo tu, au jina la shangazi. Si uongo wa tabia. Ni ulinzi waliojifunza kwa kuumia.

Kwenda kusema

Katika kikundi kulikuwa na mabishano. Mmoja alisema: tumefuta, hakuna ushahidi kwamba kuna aliyesoma, kwa nini tuwatishe watu walio na hofu tayari? Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mtu aliyekimbia mara mbili akisikia jina lake limetoka, anaweza kukimbia mara ya tatu bila sababu.

Lakini yaya alijibu kwamba hatari ni yao, si ya kikundi, na mwenye hatari ndiye anayepaswa kuamua aogope kiasi gani. Wakaamua kusema. Wale wenye simu walipigiwa kuanzia Jumapili. Wengine hawana simu, na wenye simu wanapanda kilima kutafuta rezo. Kwa hiyo wiki iliyofuata binti mwenyewe alipanda lori, akavumilia ile barabara ambayo kila msikilizaji anaijua, akafika kwao.

Watu walikusanyika chini ya mwembe. Alieleza kwa Kiswahili, na mama mmoja akawatafsiria wazee kwa Kiluba. Hakutumia neno Git. Alisema: mlinipa majina yenu niyatunze kwenye sanduku, na mimi nimeacha sanduku wazi barabarani usiku mmoja. Nimelifunga. Sijui nani amepita.

Kulikuwa na kimya, halafu kelele. Baba mmoja aliinuka akaondoka. Kijana mmoja alisema hii ndiyo kazi ya mashirika, kuandika watu kisha kuwauza. Binti hakujitetea. Kisha mama mmoja mzee, ambaye mwanawe hajaonekana tangu siku ya kukimbia, akauliza kwa sauti ya chini:

«Mtoto wangu, jina langu wameliona wangapi?»

«Mama, sijui. Daftari limenakiliwa mara tatu. Moja ni ya mwenzetu. Mbili hatuzijui.»

«Hao wawili, unaweza kuwaambia wafute?»

«Hapana, mama.»

«Basi usiseme mumefuta. Sema mumefuta kwenu.»

Waliokuwepo wanasema sentensi hiyo ilibadilisha mkutano. Tangu hapo binti aliacha kuzungumzia kilichofanyika kwenye kompyuta, akaanza kuuliza kila familia inataka nini. Kumi na moja ziliomba kuondolewa kabisa, zikaondolewa palepale mbele ya komite. Familia kadhaa ziliomba kubadilisha namba ya simu, na kikundi kililipa kadi mpya. Familia moja ilisema imeshahama mahali palipoandikwa, kwa hiyo haina wasiwasi. Nyingi zilibaki, zikaweka masharti.

Wakubwa nao hukosea

Si vijana watano tu wanaopatwa na haya. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mitandao wameingia kwenye kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Wengi wao walikuwa watu waliopotezana na ndugu zao kwa vita, uhamaji au majanga, wale hasa ambao kazi ya Msalaba Mwekundu ni kuwaunganisha. Ule ulikuwa uvamizi, si kosa la mkono, lakini swali lililobaki lilikuwa lilelile: waambiwe au wasiambiwe? Walitangaza hadharani, wakafunga mitambo iliyoguswa, wakaanza kuwatafuta wahusika kwa simu, kwa barua, na penye vijiji vya mbali kwa kutuma watu waende kusema mdomo kwa mdomo.

Kampuni ya Uber ilifanya kinyume. Mwaka 2016 wezi waliingia kwenye ghala lake la GitHub, wakakuta humo ufunguo, na kwa ufunguo huo wakapata habari za watu milioni 57. Kampuni iliwalipa dola 100,000 ili wanyamaze, na dunia ikajua mwishoni mwa 2017. Aliyekuwa mkuu wake wa usalama alikutwa na hatia mahakamani mwaka 2022, na hatia yake ilihusu kuficha.

Nchini kwetu, Kanuni ya Dijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inagusa ulinzi wa habari za mtu binafsi. Anayekusanya majina ya watu hawezi tena kusema hakuna sheria.

Kilichobadilika

Katika kikundi, hakuna aliyefukuzwa. Yaya alisema ukimfukuza aliyekiri, wa pili atanyamaza. Badala yake walibadilisha kazi. Nukta imepigwa marufuku: kila faili linaingia kwa jina lake, na kabla ya kutuma mtu anasoma orodha ya yaliyomo, hata kama umeme unakaribia kukatika. Kuna faili linaloiambia Git ni folda zipi isizichukue kamwe. GitHub yenyewe huzuia funguo nyingi zinazojulikana zisiingie kwenye maghala ya wazi, lakini mashine hiyo inatambua ufunguo. Haitambui jina la mama wa Mitwaba. Hilo linabaki kazi ya macho ya mtu.

Orodha ya kweli haiingii tena kwenye kompyuta ya mtengenezaji. Wanajaribia programu kwa familia za kubuni: Papa Muhogo wa kijiji cha Mahindi, Mama Ndakala na watoto wake saba. Familia za kweli zimepewa namba. Daftari la karatasi linalosema namba fulani ni ya nani liko ndani ya sanduku la komite, na funguo zake mbili ziko kwa watu wawili tofauti.

Wakimbizi nao wamepata maswali ya kumuuliza yeyote anayekuja na kalamu au simu kuandika majina. Unaandika kwa kazi gani? Nani mwingine ataona? Nikitaka kutoka, nitamwambia nani? Na siku jina langu likipotea, utakuja kuniambia? Mwenye nia njema hakasiriki akiulizwa.

Siku ya kuandikwa upya, binti alimwuliza yule mama mzee kama anataka kutolewa. Alikuwa ameshamwandalia karatasi ya kutoka, akidhani jibu analijua.

Mama akakataa. «Mwanangu ananitafuta kwa jina hilohilo,» akasema. «Nikilifuta, atanitafuta kwa nini?»

Akauliza namba yake ni ngapi, akairudia mara mbili ili aishike. Halafu akasimama pale mpaka alipoona daftari limerudishwa sandukuni na kufuli zote mbili zimefungwa.